Kabla ya Kutenganisha, Tafuta Tofauti

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi katika siku ya sayansi ya shule yetu hapa Arumeru. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wazazi ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti na wajumbe wa bodi ya shule, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wanafunzi mliojazana huku mbele. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo?

Bakuli hili mnaloliona mezani limechanganywa asubuhi hii na wanafunzi wa kidato cha kwanza. Wametia chumvi, wametia mchanga mkavu, wametia vumbi la msumeno kutoka kwa fundi seremala, wametia na chembe za chuma. Wakakoroga. Haikuchukua hata dakika moja. Sasa nauliza: nani atakuja hapa aturudishie kila kitu peke yake? Chumvi huku, mchanga huku, vumbi huku, chuma kule. Itamchukua muda gani?

Nimewasikia. Mama mmoja pale nyuma amesema siku nzima. Kijana wa kidato cha nne amesema nusu saa. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo, maana muda unategemea swali unaloanza nalo. Anayeanza kwa kuuliza "nitumie kifaa gani?" atahangaika mpaka jioni. Anayeanza kwa kuuliza "vitu hivi vinatofautiana kwa lipi?" atamaliza kabla ya chai.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo nililokuja kulisema leo. Kabla ya kutenganisha, tafuta tofauti. Nitalirudia mpaka mlichoke: tafuta tofauti.

Tazameni. Chuma huvutwa na sumaku, vingine vitatu havivutwi. Nafunga sumaku kwenye karatasi, napitisha ndani ya bakuli, chuma chote kinakuja. Sasa namimina maji. Vumbi la msumeno linaelea, mchanga unazama, chumvi inayeyuka. Bilauri moja ya maji imenionyesha tofauti tatu kwa mpigo! Vumbi naliengua kwa kijiko. Mchanga naukamata kwa kitambaa. Maji yaliyopita kwenye kitambaa nayaweka motoni, yanakwenda zake hewani, chumvi inabaki kwenye sufuria. Na chumvi hiyo ni ileile iliyoingia. Haikugeuka, haikupata jina jipya. Vitu vilikuwa vimekaa pamoja tu, havikuwa vimeungana, na ndiyo maana njia za kimaumbile, zisizogeuza kitu kuwa kingine, zimetosha. Maji yenyewe ni habari nyingine. Ndani yake kuna haidrojeni na oksijeni zilizoungana. Hakuna chujio duniani litakalozitenga, ni lazima uzivunje, kwa umeme kwa mfano. Kwa hiyo, wanangu, mkiulizwa kwenye mtihani mchanganyiko na kampaundi vinatofautianaje, kumbukeni bakuli hili.

Lakini nisiwafanye mama zetu wageni katika jambo hili. Nani hapa hajaona mpunga ukipepetwa? Mpunga uliokobolewa unarushwa juu kwa ungo, upepo unachukua makapi na mapepe, mchele unarudi chini. Umetumia tofauti gani? Uzito, na jinsi kila kitu kinavyoanguka hewani. Kisha mama anatikisa ungo kwa namna yake, chenga zinakwenda upande mmoja, na mawe anayatoa kwa jicho na kidole. Pwani watakukamulia tui kwa kifumbu: machicha yanabaki, tui linapita. Hapo tofauti ni ukubwa wa chembe. Hata mashine ya kusaga. Nyundo zake huchakaa kidogo kidogo, na chembe za chuma huingia kwenye unga. Kapitisheni sumaku kwenye unga wa nyumbani mwone wenyewe. Wanangu, msije mkaniambia kemia ni somo la vitabu vya watu wa mbali.

Sasa twende Geita. Twende Chunya. Twende kwenye mialo ambako wachimbaji wadogo wanasafisha dhahabu, maana sijaona mahali ambapo somo hili lina faida kubwa na hatari kubwa kwa pamoja kama pale.

Jiwe limetoka shimoni. Limepita kwenye karasha, limekuwa unga. Ndani ya gunia zima la unga huo dhahabu inaweza kuwa punje usizoziona kwa macho. Mchimbaji anafanyaje? Anatafuta tofauti. Dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji ya ujazo uleule. Jiwe jeupe la kwatzi ni zito mara 2.65 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na mchimbaji anaijua kwa mikono yake hata kama hajawahi kuisoma. Analaza ubao kwa mteremko, anatandika gunia au blanketi juu yake, anamimina unga pamoja na maji. Mchanga mwepesi unachukuliwa na maji. Dhahabu na vitu vizito vinanasa kwenye nyuzi. Kisha anasuuza blanketi ndani ya karai. Mpaka hapo hakuna sumu yoyote. Ni maji, mteremko na uzito.

Tabu inaanza dhahabu inapokuwa laini sana. Punje ndogo, bapa, huelea na maji na kukimbia pamoja na mchanga. Uzito peke yake hautoshi tena, na mchimbaji anatafuta tofauti nyingine. Anaipata kwenye zebaki. Zebaki huishika dhahabu na kuuacha mchanga. Anachanganya kwa mikono ndani ya karai, anakamua kwenye kitambaa, anabaki na donge la kijivu lenye dhahabu na zebaki. Sasa ana mchanganyiko mpya wa kutenganisha. Tofauti iko wapi? Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357. Dhahabu haijaanza hata kuyeyuka mpaka nyuzi joto 1,064. Basi donge linawekwa motoni, zebaki inaondoka, dhahabu inabaki.

Zebaki inaondoka. Nauliza: inaondoka inakwenda wapi?

Nawaomba wazazi mlibebe swali hili, maana hapo ndipo watu wanaumia. Mvuke wa zebaki hauonekani. Unaingia kwenye pafu la aliyeshika karai, na la mtoto aliyeketi karibu na moto. Unaobaki hewani unarudi chini, unafika kwenye mito na maziwa, na huko vijidudu vya kwenye tope huugeuza kuwa zebaki ya aina mbaya zaidi, inayoingia kwenye samaki na kutoka kwa samaki kuja kwetu. Japani walilipia elimu hii kwa maisha ya watu. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ukatambuliwa rasmi. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kusema, watoto wakazaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa mwaka 2013 unaitwa kwa jina la mji huo.

Na dawa ya sehemu kubwa ya hatari hii ya motoni ni somo la kidato cha kwanza! Mvuke ukipoa, hurudi kuwa kimiminika. Ukichomea donge ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalotoka na kupita kwenye maji baridi, zebaki inarudi kuwa zebaki na kudondoka kwenye kikombe. Mchimbaji anaipata tena, haingii kifuani mwake, na hanunui nyingine. Mimi naamini kila kijana anayetoka shule za mikoa yenye dhahabu angeweza kuchora chombo hicho ubaoni na kumweleza baba yake kwa nini kinafanya kazi. Njia bora ni kuacha zebaki kabisa, na ziko njia za kuiacha. Lakini kati ya leo na siku hiyo, watu wanapumua.

Kabla sijatoka kwenye migodi: mnakumbuka makinikia, ule mchanga wenye madini kutoka migodini? Mwaka 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wake nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, misikitini na makanisani, watu waliulizana: kwani ndani ya ule mchanga kuna nini? Nilifurahi sana wakati ule, maana kwa mara ya kwanza taifa zima liliuliza swali la kemia.

Makinikia ni mchanganyiko uliotenganishwa nusu ya njia. Kwenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi jiwe lilisagwa likawa laini, likatiwa kwenye matangi ya maji yenye dawa maalumu, na hewa ikapulizwa kutoka chini. Dawa ile huzifanya chembe zenye madini ya shaba na salfa zisipende maji. Zinakimbilia kwenye mapovu, zinapanda nayo juu. Jiwe la kawaida linapenda maji, linalowana, linazama. Povu linaenguliwa, likikauka ndiyo makinikia hayo: shaba, dhahabu na fedha zilizokusanywa pamoja na jiwe kidogo. Angalieni tofauti iliyotumika. Si ukubwa, maana vyote vimesagwa. Si uzito, maana kizito ndicho kinachopanda juu! Tofauti ni kulowana na kutolowana. Kuanzia hapo unahitaji tanuri la kuyeyushia, na tanuri linavunja na kuunda vitu vipya. Njia za kimaumbile zinaishia mlangoni mwake.

Sasa niingie kwenye jambo linalotuhusu sisi wa hapa chini ya Mlima Meru kila siku, tena watoto kuliko wakubwa. Nauliza tena, na safari hii nataka mnyooshe mikono. Nani anaamini kwamba maji yakiwa meupe, yasiyo na tope, yasiyo na harufu, ni maji safi?

Asanteni. Ni mikono mingi.

Kuna mchanganyiko unaouona na mchanganyiko usiouona. Tope kwenye ndoo unaliona. Ukiiacha ndoo itulie usiku kucha, tope linatuama, unamimina maji ya juu taratibu. Ukikosa subira unachuja. Huko Sudan wanawake wa vijijini wametumia tangu zamani mbegu za mlonge zilizotwangwa: zinakusanya chembe laini za tope kuwa mabonge, mabonge yanazama upesi. Hizo zote ni njia nzuri. Lakini zote zinashughulika na kitu ambacho hakijayeyuka. Kilichoyeyuka kimeshagawanyika mno hata kitambaa hakikijui, mchanga haukijui, na jicho lako halikijui.

Floraidi ni mojawapo. Maji ya chini ya ardhi katika maeneo yetu haya yamepita kwenye mawe ya volkano na yamebeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Hapa Arumeru kuna chemchemi na visima vyenye kiwango kinachozidi hicho mara kadhaa. Matokeo yake hamhitaji mimi niwaambie. Tunayaona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu, na katika hali mbaya zaidi tunayaona kwenye miguu iliyopinda. Na hata magadi tunayowekea maharage, yale ya kutoka huku kwetu, yanaweza kuwa na floraidi ndani yake.

Mzazi anasema: mimi nachuja. Nakupongeza, lakini floraidi imepita kwenye chujio pamoja na maji. Mwingine anasema: mimi nachemsha. Endelea kuchemsha, nakuomba uendelee, maana kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Lakini floraidi haichemki ikaondoka. Maji ndiyo yanayoondoka. Ukichemsha sana, unabaki na maji kidogo yenye floraidi ileile. Ni yale yale ya chumvi yetu ya kwenye bakuli: kinachobaki kwenye sufuria ndicho ulichotaka kukitoa.

Basi tofauti iko wapi? Tumeshaisema. Maji hupanda kuwa mvuke, floraidi hubaki. Tukiukamata mvuke badala ya mabaki, tumeshinda. Kila nyumba itafanyaje, kuni zenyewe ni hizi? Wazazi wangu, jua linaifanya kazi hiyo bure. Mvua ni maji yaliyopanda kutoka baharini na ziwani, yakaacha chumvi na floraidi huko, yakapoa juu, yakarudi. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Bati safi, mfereji, simtanki iliyofunikwa, na mvua ya kwanza inayosafisha bati uiache ipite. Kama maji ya simtanki hayatoshi nyumba nzima, yatengeni kwa ajili ya kunywa na kupikia, na watoto wadogo wawe wa kwanza, maana meno yao ya kudumu yanajengwa wakiwa bado wadogo, kabla hayajaota. Kuogea na kufulia tumieni ya kisima.

Iko pia njia ya mkaa wa mifupa, ambayo wenzetu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto linalodhibitiwa, husagwa punje punje, maji hupitishwa humo. Floraidi hunaswa kwenye mfupa, kwa sababu ileile inayoifanya ipende mifupa ya mtoto. Hapo tumeshaingia kwenye kemia ya kuungana kwa vitu. Siwezi kuiita njia ya kimaumbile tu. Lakini swali lililowafikisha huko ni lilelile: floraidi inapenda nini ambacho maji hayapendi?

Kwa kuwa nimetaja chumvi, niwape habari yake, maana wanafunzi wengi hufikiri kuvukiza maji ni kazi ya dakika kumi kwenye maabara. Huko Uvinza, mkoa wa Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi. Wanaakiolojia waliochimba pale katika miaka ya 1960 walikuta ushahidi kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo kwenye vyungu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali sana, ilikuwa biashara kubwa ya bara kabla ya mkoloni. Wale watu hawakuwa na kitabu cha kemia. Walikuwa na chungu, kuni, na elimu ya kwamba maji huondoka na chumvi hubaki.

Pwani hawachomi kuni. Bagamoyo, Kilwa, Lindi, Mtwara, wakulima wa chumvi huingiza maji ya bahari kwenye majaruba wakati wa bamvua na kuliachia jua na upepo. Na hapa pana jambo zuri sana, wanafunzi sikilizeni. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Chumvi ya mezani ni kama gramu 27 tu kati ya hizo. Je, mkulima anaitengaje na nyingine? Hawezi kuzichagua kwa mkono. Anatumia zamu. Maji yakianza kupungua, chokaa na jasi ndizo zinazoshindwa kubaki zimeyeyuka, zinatuama kwanza. Maji yanahamishiwa jaruba jingine. Yakishabaki kama sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa, chumvi ya mezani inaanza kutoa fuwele zake. Na kabla hayajakauka kabisa, mkulima mzuri huyaondoa yaliyobaki, kwa sababu yana magnesiamu nyingi, ni machungu, na yakikaukia humo yanaharibu chumvi. Kujua wakati wa kuacha ni nusu ya kazi. Mwanafunzi anayekausha maji mpaka sufuria inalia amepata kila kitu kwa pamoja, yaani hajatenganisha.

Hadi sasa tumekuwa tukitaka kinachobaki. Sasa tutake kinachoondoka. Kuchemsha, kuukamata mvuke na kuupoza, huko ndiko kukeneka. Najua wengi hapa mmeufahamu mtambo wake kupitia gongo, na mnajua pia imewaua na kuwapofusha watu wangapi. Mimi nitawapeleka Pemba.

Karafuu ikivunwa, vikonyo vinavyobaki huitwa makonyo. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha kutoa mafuta kwenye makonyo na majani ya mkarafuu. Mafuta hayo, ambayo sehemu yake kubwa huitwa eujenoli, ndiyo yenye ile harufu mnayoijua kwa daktari wa meno. Sasa eujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi joto zipatazo 254. Ukiyachoma makonyo kwa joto hilo utapata moshi na majivu. Ufundi wake ni kupitisha mvuke wa maji katikati ya makonyo. Mvuke wa maji na mvuke wa mafuta husaidiana, vinapanda pamoja kwa joto lisilofika hata nyuzi 100, vinapita kwenye bomba lililopozwa, vinadondoka. Kilichodondoka kinajitenga chenyewe, kwa sababu maji na mafuta hayachangamani. Nani ataniambia mafuta yanakaa wapi, juu au chini?

Juu, mnasema. Kwa mafuta ya nazi mngekuwa sahihi. Mafuta ya makonyo ni mazito kidogo kuliko maji, nayo hukaa chini. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wapime kila kitu, wasikariri.

Kukeneka kuna mahali kunapolemewa. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilianza kusafisha mafuta ghafi mwaka 1963, na cha TIPER, Kigamboni, mwaka 1966. Vyote viwili vimeshaacha kazi hiyo. Mafuta ghafi yalichemshwa, mvuke ukapanda kwenye mnara mrefu wenye joto kali chini na nafuu juu. Gesi ikatokea kileleni, petroli ikafuata, kisha mafuta ya taa, kisha dizeli, na lami ikabaki chini. Lakini si kwamba kila kimoja kina joto lake moja la kuchemka. Kila kimoja ni mchanganyiko wenye kundi la viwango, na makundi ya jirani yanaingiliana. Mafuta ya taa na dizeli yanaingiliana sana.

Mnaona ninakoelekea. Uchakachuaji! Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayamimina kwenye dizeli, na injini za watu zikafa. Kumimina ni dakika. Kuyatenga tena kwenye gereji haiwezekani, maana tofauti ni ndogo mno. Ndipo mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kutia vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochezewa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, faida ya kuchanganya ikapungua. Tofauti ya kemia ilikuwa ndogo, wakatengeneza alama. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa watu walioelewa sayansi, ingawa bibi zetu waliokuwa wakiwasha koroboi ndio waliolipa gharama yake.

Tofauti ndogo zina mtu wake, na nitamtaja kwa ufupi kwa sababu jua linapanda. Mikhail Tsvet alikuwa mtaalamu wa mimea, Mrusi kwa upande wa baba, mama yake Mwitalia. Alitaka kujua rangi ya kijani ya jani ni rangi moja au ni nyingi. Huwezi kuchuja rangi, huwezi kuipepeta. Akajaza unga wa chokaa kwenye bomba la kioo, akamimina juu yake rangi iliyoyeyushwa kutoka kwenye majani, akaendelea kuisukuma kwa kimiminika safi. Rangi zilizoshikamana na chokaa zaidi zikabaki nyuma, nyingine zikatangulia. Ndani ya bomba ikatokea mistari: kijani ya aina mbili, na manjano kadhaa. Aliandika matokeo yake mwaka 1906, na kwa miaka mingi wengi hawakumjali. Leo maabara za kupima dawa, viuatilifu kwenye mboga na damu za wanamichezo zinatumia njia iliyozaliwa pale. Tofauti ya mwendo tu. Kimoja kinashikwa kidogo zaidi ya kingine, na njia ikiwa ndefu ya kutosha, vinaachana.

Wanafunzi wangu, kwa jaribio hilo hamhitaji kioo cha Ujerumani. Mnahitaji kalamu ya rangi ya kuchorea, ya maji, na kipande cha karatasi ya chujio. Weka kitone cha wino mweusi karibu na ncha ya chini, simamisha karatasi kwenye maji ya kina cha ukucha, kitone kiwe juu ya maji. Ngoja. Wino mweusi mwingi utakuonyesha bluu, zambarau, wakati mwingine na manjano.

Basi kazi ya likizo ni hii, na nawaomba wazazi mwe mashahidi. Kila mwanafunzi alete mchanganyiko mmoja kutoka nyumbani kwao au kwenye kazi ya mzazi wake: unga, maziwa, mchanga wa mto, juisi, chochote kisicho na sumu. Zebaki na mafuta ya gari msilete. Pamoja nao alete karatasi yenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza, kuna nini ndani. Mstari wa pili, vinatofautiana kwa lipi. Mstari wa tatu, utavitenganishaje. Mstari wa tatu ukiwa sahihi na wa pili ukiwa mtupu, nitarudisha karatasi.

Na wazazi mnaotumia visima, mwalimu wa kemia ana orodha pale mlangoni. Andikeni jina la kitongoji na aina ya chanzo, tupeleke sampuli za maji kwenye maabara ya maji zikapimwe floraidi. Chupa iwe ya plastiki, isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ijazwe mpaka juu, ifungwe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.